Muhtasari wa Njia Zote za Ulimwengu

Kufungua kikao

Mimi ni mwandishi wa mihtasari katika Wizara ya Anwani na Njia, na kabla sijaendelea niwatoe wasiwasi wasomaji wa nchi nyingine: nchi yetu haina matatizo. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu katika mihtasari mia nne na ushee, na kila mmoja umesainiwa.

Huenda kwenu muhtasari huandikwa baada ya kikao. Sisi tuliona zamani kwamba utaratibu huo unaleta vurugu, kwa sababu watu wakiachwa wazungumze kwanza, husema mambo. Kwa hiyo kwetu muhtasari huandikwa siku tatu kabla. Unapigwa chapa, unagawiwa, kisha wajumbe wanakuja ukumbini na kuusoma, kila mtu sehemu yake. Ukisema kisichoandikwa, hukusema. Na kilichoandikwa kisipotokea, itafutwe namna kitokee, maana muhtasari wa serikali hausemi uongo.

Wizara yetu ina kazi moja tu. Kila mashine inayotaka kuzungumza kwenye mtandao inahitaji anwani, kama nyumba inavyohitaji namba ili barua ifike. Zamani nchi yetu ilipewa anwani za toleo la nne, elfu sitini na tano na ushee, na zikagawiwa kwa haki, yaani kwa vyeo. Ikulu ilipata elfu ishirini. Kila waziri alipata elfu moja, akiwemo waziri mmoja wa Misitu ambaye hajawahi kuwasha kompyuta na ambaye sasa amewarithisha wanawe anwani zake katika wosia. Chemchemi ya maji iliyo mbele ya Wizara yetu ina anwani nane. Wilaya nzima ya Mkengesa, yenye watu laki tatu, ilipata anwani moja.

Hiyo moja ilitumiwa na shule, polisi, gereza, kiwanda cha kuchambua pamba, nyumba ya Mkuu wa Wilaya pamoja na televisheni yake, na hospitali. Hospitali ya Mkengesa ilikuwa na mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, msaada wa watu wa mbali wasiotujua vizuri. Daktari wa kusoma picha hizo hospitali haikupewa. Picha zilitakiwa zisafiri kwa mtandao mpaka mji mkuu, zisomwe huko, majibu yarudi. Na kanuni inasema mgonjwa hapewi rufaa mpaka picha yake isomwe. Kwa hiyo picha ikikwama, mgonjwa naye anakwama, huku gari la wagonjwa limesimama nje na dereva amekaa ndani, ameshika usukani. Picha moja ilichukua siku mbili kuipenya foleni. Siku zenye mechi kwenye televisheni ya Mkuu wa Wilaya ilichukua tatu.

Mkengesa ndiko kwetu. Nililelewa huko na shangazi yangu, Mwantatu Shomari, mpima nafaka sokoni. Nayaeleza haya bila chuki yoyote, kama mtumishi.

Mafunzo

Dunia ilipoona anwani zinakwisha ilibuni nyingine, za toleo la sita, na zetu zikaja. Mtaalamu aliyeletwa kutufundisha, mtu mpole mwenye miwani, alisema ni nyingi kiasi kwamba tukitaka tunaweza kumpa kila mchwa wa nchi hii anwani yake, na mchwa wakazaliana, na bado hatutaona pengo. Ukumbi ulicheka. Mkurugenzi wa Njia, Bwana Malindisa, hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza:

"Na huyo mchwa atakuwa ngazi gani ya mshahara?"

Mafunzo ya Juu ya Upangaji wa Njia yalifanyika hotelini kwa wiki mbili. Walioruhusiwa ni wakurugenzi na walio juu yao. Mafundi hawakuruhusiwa kwa sababu kulikuwa na hatari kwamba wangeelewa, na mtu wa chini akielewa jambo kabla ya mkubwa wake, ofisi nzima hupata homa. Hata hivyo alihitajika mtu wa kubeba projekta, ndipo akaitwa Injinia Zamda Kihwelo.

Zamda ndiye pekee katika Wizara yetu aliyejua kazi ya Wizara yetu. Jikoni kwake alikuwa na ruta sita zilizotupwa na serikali, amezifunga kwa waya juu ya kabati la vyombo, na kwa miaka mitano alikuwa akijifunza kwa hizo. Ruta, kwa asiyeijua, ni mashine inayoamua kila kifurushi cha taarifa kipite njia ipi. Alinieleza siku moja kantini, anachora kwa kidole chenye chai juu ya meza. Kila ruta huwatangazia majirani zake kwamba inaijua njia ya kwenda mahali fulani, na majirani huamini, kisha huchagua njia iliyo fupi.

"Wanaaminiana hivi hivi?" nikamuuliza. "Hakuna muhuri? Hakuna barua ya utambulisho?"

"Neno tu, kaka Mshamu. Ruta hazijui kudanganyana. Uongo mpaka mtu autie."

Nilimhurumia yule aliyebuni utaratibu huo. Ni wazi hakuwahi kufika kwetu.

Kwenye mafunzo kila swali la mtaalamu lilijibiwa kutoka nyuma ya projekta, na wakurugenzi wakampigia makofi Bwana Malindisa, kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele ya projekta. Mtihani wa mwisho wa Bwana Malindisa uliandikwa na Zamda, maana mkono wa Mkurugenzi ulikuwa umechoka kwa kusaini. Alipata alama tisini na saba. Cheti kilitundikwa ofisini kwake, juu kuliko picha ya harusi yake.

Katika wiki zile mbili Mkurugenzi alielewa jambo moja kwa juhudi zake mwenyewe, nalo lilimuudhi: kwamba njia fupi inashinda.

"Yaani kifurushi cha Mkengesa kinaweza kufika mji mkuu bila kupita kwa Mkuu wa Mkoa?" alifoka. "Hiyo nidhamu gani?"

Waraka ulitoka siku ile ile. Vifurushi vyote vya taarifa vitafuata ngazi: wilaya, mkoa, kanda, Wizara. Ruta ya mkoa wetu huzimwa Ijumaa saa sita na kuwashwa Jumatatu, ili ipumzike.

Yatokanayo

Iliundwa Kamati ya Kuzuia Upotevu wa Anwani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba anwani zisizoweza kwisha hazitakwisha. Zamda aliitwa aeleze, akaeleza kwa nusu saa, akarudia na ule mfano wa mchwa. Mwenyekiti alipofika sehemu yake katika muhtasari alisoma kwa sauti nzito: "Ndugu wajumbe, hata misitu ilianza hivyo hivyo." Wajumbe wakatikisa vichwa. Ikaamuliwa kwamba anwani mpya zitatolewa moja moja, kwa vyeo, baada ya Mheshimiwa Waziri kupata ya kwanza katika hafla ya uzinduzi. Orodha ikapangwa. Hospitali ya Mkengesa ilikuwa namba 4,112. Namba 4,111 ilikuwa lango la zizi la mbuzi wa Mheshimiwa Waziri.

Zamda aliisoma orodha ile akiwa amesimama kwenye korido. Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya kwenda Mkengesa kwa kile alichokiita majaribio, na Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama alivyosaini vyote. Huko aliipa mashine ya picha ya hospitali anwani mpya, yake peke yake, na njia fupi ya moja kwa moja mpaka mji mkuu, isiyopita kwa mkubwa yeyote.

Picha iliyokuwa ikichukua siku mbili ikafika kwa dakika nne.

Mambo yakawa hivyo kwa siku kumi na tisa. Watu thelathini na mmoja walisomewa picha zao. Saba walipakiwa kwenye gari la wagonjwa, ambalo dereva wake ilibidi akumbushwe namna ya kuliondoa, na wote saba walirudi wakitembea. Shangazi Mwantatu alinipigia simu. Yeye hupiga kelele kwenye simu, maana haamini kwamba waya unatosha.

"Mshamu! Huyo binti wa ofisini kwenu ni wa nani?"

"Ni Injinia Zamda, shangazi."

"Kaolewa?"

"Shangazi, niko kazini."

"Mtoto wa Binti Salehe kapona kichwa kwa ajili yake. Mwambie nimemwekea pishi tatu za kunde, aje achukue. Na wewe uje, usijifanye mtu wa serikali."

Nikamwambia nitakwenda baada ya uzinduzi.

Kilichotuponza ni adabu. Mganga mkuu alikuwa safarini, na aliyekaimu, muuguzi Sista Odilia, mama mmoja mnyoofu wa kupita kiasi, akaiandikia Wizara barua ya shukrani. Aliishukuru kwa anwani mpya, akataja idadi ya waliopona, akaomba Mungu ambariki Mkurugenzi. Barua ilipigwa muhuri masjala, ikapanda ngazi zote kwa siku mbili tu, na Bwana Malindisa akaisoma. Ndiyo barua pekee niliyowahi kumwona akiisoma mpaka mwisho, kwa kuwa ilimsifu.

Zamda aliitwa. Na mimi nilikuwapo, nimeshika daftari.

"Hospitali ina anwani mpya," Mkurugenzi alisema taratibu, "na Mheshimiwa Waziri hana. Mgonjwa wa Mkengesa amemtangulia Waziri!"

"Mkurugenzi, anwani zipo tele. Naweza kumpa Waziri yake sasa hivi. Ni dakika mbili."

"Dakika mbili! Unataka kumpa Waziri kitu cha dakika mbili?"

"Mkurugenzi, kuna watu kule wamelala wanasubiri picha."

"Watasubiri kwa mujibu wa orodha."

Majaribio yakafutwa, na sababu iliyoandikwa, niliyoiandika mimi, ni kwamba yamefanikiwa kabla ya wakati. Hospitali ikarudishwa kwenye foleni ya televisheni na gereza. Zamda alitoka ofisini kwa Mkurugenzi akiwa ameuma mdomo, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu. Mimi nilikwenda kula.

Uzinduzi

Hapa naomba niandike polepole.

Muhtasari wa uzinduzi niliuandika mwenyewe, Jumatatu asubuhi, nikiwa na furaha na kalamu mpya. Nilipofika mahali Mheshimiwa Waziri anapobonyeza kitufe, niliona sentensi imepungukiwa uzito. Nikaongeza. Nikaandika: "Mheshimiwa Waziri alibonyeza kitufe, na tangu saa hiyo njia zote za ulimwengu zikapita nchini mwetu." Nilipenda mlio wake. Niliisoma kwa sauti mara mbili peke yangu. Sikujua kwamba ilikuwa na maana yoyote.

Zikapigwa chapa nakala mia tatu. Siku moja kabla ya hafla Zamda aliipata moja, akaja mbio mezani kwangu.

"Kaka Mshamu, nani kaandika hii?"

"Kwani mbaya?"

Alikwenda kwa Mkurugenzi, nami nikamfuata. Bwana Malindisa tayari alikuwa na karatasi ile mbele yake, na alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyepewa kazi.

"Injinia, hii itatokeaje?" akauliza.

"Haitokei, Mkurugenzi. Ni maneno ya hotuba tu."

"Nimekuuliza itatokeaje. Muhtasari umeshatoka."

"Ili itokee, inabidi tuwatangazie majirani wote kwamba sisi ndio njia fupi ya kwenda kila mahali duniani. Ni uongo, na wao wataamini. Vifurushi vyote watavileta kwetu, kwenye ruta yetu moja iliyoko stoo. Itazidiwa palepale. Mtandao wa hapa na wa nchi jirani utakufa. Simu zitakufa. Hospitali zita…"

"Kwa hiyo inawezekana," alisema Mkurugenzi, na uso wake ukanawiri.

Zamda alikataa kuiandika amri hiyo. Alisema hawezi, tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika jengo letu. Mkurugenzi akamwonyesha kwa kidole cheti ukutani. Akasema mwenye alama tisini na saba ni nani humu, wewe au mimi? Kisha akafungua kitabu cha mafunzo, akatafuta mpaka akaipata amri yenyewe ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akainakili neno kwa neno kwenye karatasi. Ilikuwa chini ya kichwa cha habari kilichosema "Kosa Usilopaswa Kulifanya Kamwe". Yeye husoma kutoka katikati, ili kuokoa muda.

Asubuhi ya uzinduzi, saa tatu, Sista Odilia alinipigia. Shangazi alikuwa amepanda juu ya mizani kubwa ya sokoni kuifunga kamba, akateleza, kichwa kikagonga sakafu. Kuamka anaamka, alisema Sista, lakini maneno yanamtoka kombo, na mkono wa kulia hauinuki. Picha imeshapigwa. Iko kwenye foleni. Dereva yuko kwenye gari.

Nilimtafuta Zamda, nikamkuta nyuma ya jukwaa. Alitazama kwenye kompyuta yake.

"Shule zimefungwa, foleni leo si ndefu," akasema. "Saa sita itakuwa imefika. Saa sita na nusu watakuwa njiani na shangazi."

Kisha akaitazama saa ya ukutani. Hafla ilikuwa saa tano.

"Kaka, mwambie asogeze hafla. Saa mbili tu. Wewe anakusikia."

Nikaenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda. Nikamwambia Bwana Malindisa kwamba shangazi yangu amelala Mkengesa na picha yake iko njiani, naomba saa mbili. Alinishika bega kwa upole wa kweli.

"Mshamu, pole sana. Lakini muhtasari unasema saa tano. Na umeuandika mwenyewe."

Saa tano kamili Mheshimiwa Dokta Kibwegele, Waziri wa Anwani na Njia, alipanda jukwaani. Alisema taifa lililochelewa sasa limetangulia. Alisema wakoloni walitupitishia reli, sisi tunawapitishia vifurushi vya taarifa. Akabonyeza kitufe, na kitufe kikaituma ile amri ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Majirani wakatuamini.

Kwa kadiri ninavyoelewa, kila barua, kila picha, kila simu ya nchi tano zilizotuzunguka na nyingine za ng'ambo iligeuza njia na kuja kwenye stoo ya Wizara yetu, kwenye ruta iliyowekwa katikati ya viti vibovu na fulana za kampeni. Ilianza kunuka. Baada ya dakika mbili mtandao ulikata, kisha simu. Benki za majirani zilifunga milango. Ukumbini hakuna aliyejua, kwa sababu sehemu iliyofuata katika muhtasari ilikuwa ngoma.

Zamda alimfuata Mkurugenzi mezani kwake, mbele ya watu.

"Niruhusu niifute. Dakika moja."

"Kufuta ni kusema muhtasari ni uongo."

"Mkurugenzi, kuna watu wanakufa!"

"Basi andika maombi ya kikao cha dharura."

Kikao cha dharura, kama vingine, huandikiwa muhtasari siku tatu kabla. Alijaribu kuingia stoo kwa nguvu ili aizime ruta kwa mkono, na askari wawili wakamkalisha chini. Nchi yetu ilikaa vile, ikiwa kitovu cha ulimwengu, mpaka jua linazama, ndipo majirani wenyewe walipogundua na kuziamuru ruta zao ziache kutusikiliza. Mpaka leo hazituamini. Tukitangaza njia ya kweli kabisa, zinaomba uthibitisho.

Shangazi Mwantatu alifariki saa kumi na nusu alasiri. Niliambiwa kesho yake asubuhi, simu ziliporudi. Sista Odilia alisema dereva alikaa kwenye gari siku nzima, injini inanguruma, mpaka alipoambiwa ashuke.

Nilikwenda kuzika. Nilikuta pishi tatu za kunde uvunguni mwa kitanda chake, zimefungwa kwenye kanga, na nikalia mpaka nikaishiwa sauti. Kisha nikarudi kazini, nikaandika katika fomu ya likizo kwamba safari ilikuwa njema, kwa kuwa fomu haina nafasi ya jibu lingine.

Mengineyo

Uchunguzi ulianza mara moja na ukakaa miezi minne. Wachunguzi waligundua kwamba dakika ile ya uzinduzi, picha ya kichwa cha raia asiye na cheo ilikuwa ikijaribu kutoka Mkengesa bila kibali. Wakaiona ina mashaka. Hospitali ikafungiwa mtandao wote mpaka uchunguzi ukamilike. Miezi minne hiyo wagonjwa wa kichwa Mkengesa walitibiwa kwa kutazamwa.

Mwisho Bwana Malindisa aliniita niandike muhtasari wa kikao cha kuhitimisha, kitakachotangazwa redioni moja kwa moja. Akaniambia matokeo: mwenye kosa ni Injinia Zamda, aliyeihujumu hafla kwa kiburi cha elimu. Atafukuzwa na atashtakiwa.

"Na jina langu," akasema, "usilisahau."

Ukweli ni kwamba Mkurugenzi alikuwa na namna yake ya kuhakiki mihtasari. Alihesabu jina lake limetajwa mara ngapi. Likipita ishirini, alisaini. Nilikaa mezani kwangu siku mbili, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilipompelekea, alihesabu akafika arobaini na moja. Akanipongeza, akasaini, akaagiza nakala mia tatu, nami nikazichelewesha mpaka asubuhi ya kikao.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Zamda alikaa kiti cha pembeni, kompyuta yake magotini, maana alikuwa ameagizwa aje nayo ili ikabidhiwe. Bwana Malindisa akasimama, akaweka miwani, akaanza sehemu yake kwa ile sauti yake ya sikukuu.

"Mimi, Malindisa, Mkurugenzi wa Njia, natamka mbele ya taifa kwamba mtihani wa cheti changu, mimi Malindisa, uliandikwa na Injinia Zamda Kihwelo, ambaye mimi, Malindisa…"

Akapunguza mwendo. Nilimwona macho yakitangulia mbele, mstari wa pili, wa tatu. Redio ilikuwa hewani. Kukatisha muhtasari ni kusema kwamba vikao vyetu vimeandikwa kabla, na hakuna mtu katika nchi yetu aliyewahi kusema hivyo. Jasho likamtoka. Akaendelea.

"…ambaye mimi, Malindisa, nilimkataza kuokoa watu, nikainakili amri ya kosa kitabuni, na watu kumi na wanne wakafa mahospitalini wakisubiri, mmoja wao akiwa Mwantatu Shomari, mpima nafaka wa Mkengesa. Mimi, Malindisa, nililijua jina lake. Niliambiwa saa nne na nusu."

Ikafuata zamu ya Waziri. Mheshimiwa Dokta Kibwegele alisoma vizuri, kama kawaida yake, pamoja na yaliyokuwa kwenye mabano.

"Nimesikia, na nimeona aibu, Mheshimiwa Waziri anainamisha kichwa. Kikao hiki kinaazimia kwamba hospitali zote za wilaya zipewe anwani mpya leo, kabla ya saa kumi, na njia fupi, na atakayetekeleza ni Injinia Zamda Kihwelo. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Wakasema ndiyo. Ilikuwa imeandikwa.

Msidhani haki ilitendeka, msije mkaniaibisha. Bwana Malindisa alipewa Nishani ya Ukweli, daraja la pili, kwa ujasiri wa kukiri. Barua ya kumfukuza Zamda ilikuwa imeshasainiwa wiki iliyotangulia, ikatekelezwa. Nami nilijua kitakachonipata, na kimenipata, na ninaandika haya nikiwa mahali ambapo karatasi huhesabiwa. Karatasi hizi ndizo za kwanza nilizoandika baada ya mambo kutokea.

Kufunga kikao

Zamda hakusubiri barua. Wajumbe walipomaliza kusema ndiyo, yeye alikuwa ameshafungua kompyuta pale pale kwenye kiti. Niliacha meza yangu nikaenda kusimama nyuma yake. Vidole vyake vilikwenda kasi. Akaanza na Mkengesa.

"Tayari," akasema. "Njia imefunguka."

Ile mashine ya picha ina desturi moja. Kisichotumwa inakitunza, na njia ikifunguka inaanza na kilichotangulia foleni. Picha ya kwanza ikatoka, ikafika mji mkuu. Nikaliona jina: Mwantatu Shomari, mwanamke, miaka sitini na minne.

Zamda akafunika kioo kwa kiganja. "Kaka Mshamu, usisome."

"Toa mkono, dada."

Daktari wa zamu huko mji mkuu hakutazama tarehe. Aliona picha imeingia, akaisoma, kama kazi yake inavyomtaka. Majibu yalirudi baada ya dakika sita.

"Damu imevilia upande wa kushoto, si nyingi. Huyu anapona. Mleteni leo, nimeshamwandalia chumba."

Tulikaa tunayatazama maneno hayo. Kisha kutoka Mkengesa likaja jibu la Sista Odilia, maana kanuni inamtaka ajibu kila ujumbe.

"Tumepokea, daktari. Asante."

Ilikuwa saa kumi kamili. Nyuma yetu ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi, kwa sababu niliandika kwamba utapiga.